Konokono Waliopanda Ukutani

Kwanza mjue kwamba nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, huruma haiponyi goti. Nasema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeachiwa konokono wa Winrose. Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi wa maabara ya biolojia katika chuo kimoja hapa Machakos. Nimeosha chupa, nimechemsha dawa, nimekimbiza panzi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye nyasi mpaka panzi wenyewe wakanizoea. Goti la kushoto limeisha. Mke wangu, Ann, anasema siku hizi nikiketi kuvua viatu nalala kabla ya kiatu cha pili. Nilikuwa nimebakisha miezi tisa nistaafu, na ombi langu kwa Mungu lilikuwa moja tu, miezi hiyo ipite bila mtu kuniletea kitu chenye uhai.

Aka! Nikaletewa mia moja na ishirini.

Winrose Warigia alikuwa anasomea shahada ya uzamili. Ni msichana wa Yatta, wa zile familia zilizotoka Murang'a zamani zikaja kulima huko. Mwembamba, mpole, na wakati huo alikuwa na mimba ambayo ilimtangulia kila mahali alipoingia. Mwezi wa pili alishuka Kilifi na mume wake, wakarudi na sanduku la baridi, lile la kuuzia samaki. Akalifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na nyasi za baharini zilizolowa, na katikati ya nyasi, vitu vidogo vya kijivu, kila kimoja kikubwa kuliko punje ya hindi kidogo tu.

"Hawa ndio nini?" nikauliza.

"Ni konokono wa baharini, Mzee. Wanaishi kwenye mawe."

"Na wamekuja kufanya nini Machakos, mahali hata chura anaomba mvua?"

Akacheka. "Wamekuja kunipatia masters."

Utafiti wake ulikuwa wa joto. Jua la pwani linazidi kuwa kali, akanieleza, na yeye alitaka kujua konokono hawa wataweza kuvumilia mpaka kiasi gani. Chuo chetu kilikuwa na mashine ya kupimia joto ambayo pwani hawakuwa nayo, ndiyo sababu bahari ikaletwa mlimani. Nusu ya kwanza ya konokono aliipima mwezi wa tatu ikaisha vizuri. Nusu ya pili, sitini, ilikuwa ipimwe mwezi wa sita. Ilikuwa lazima wabaki hai angalau ishirini, la sivyo kipimo hakina maana.

Na mwezi wa sita ulikuwa mwisho. Winrose alikuwa ameshaongezewa muda mara moja. Dakta Kimotho, msimamizi wake, alimwambia mbele yangu, bila hata kuinua macho kwenye simu: "Hakuna kuongezewa tena. Ukikosa mwezi wa sita, jopo litakufuta, uanze upya mwaka wa kwanza." Kuanza upya na mtoto mchanga mgongoni, nani ataweza? Tulijua sote, yeye na mimi, kwamba angeacha. Angerudi Yatta kupalilia mbaazi na hiyo shahada angeisikia kwa watu.

Basi mwisho wa mwezi wa nne, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Winrose akashika ukingo wa meza akanyamaza. Nikadhani anawaza. Kumbe ni uchungu, na mimba haijafika wakati wake. Tukaita gari. Pale mlangoni, jasho likimtoka, akanishika mkono akasema, "Mzee Nzioka, konokono wangu."

Ai! Mtu anaenda kuzaa na anataja konokono!

"Nenda mama," nikamwambia. "Nitawatunza kama macho yangu. Hakuna hata mmoja atakayekosa kitu."

Nilisema kwa moyo wangu wote. Hilo nataka lijulikane.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, lakini mdogo sana, akawekwa hospitali wiki nyingi. Winrose akakaa naye huko. Mimi nikabaki na tangi la kioo, pakiti za chumvi ya bahari ya kuchanganya na maji, na karatasi moja ya maagizo aliyoiandika siku nyingine kabisa. Maji yabadilishwe kila siku ya tatu. Chumvi ipimwe. Walishwe mwani uliokaushwa. Basi. Katikati ya tangi alikuwa amerundika mawe mpaka yakatokeza juu ya maji, na juu kabisa akafunga wavu.

Asubuhi ya kwanza nilipofungua maabara, tangi lilikuwa halina konokono hata mmoja ndani ya maji. Wengine walikuwa wamekauka juu ya mawe. Wengine walikuwa wamening'inia kwenye wavu. Na kumi na tano walikuwa wamepenya pembeni mwa wavu na kutoka, wako ukutani, wanaelekea darini. Walikuwa wamejifunga ndani ya nyumba zao na kujigundisha kwenye rangi ya ukuta kwa ute uliokauka. Nilipomgusa mmoja, hakutingishika.

Nikawaza, wanakufa kiu.

Sasa hapa ndipo lazima niwaambie nilikozaliwa. Nilizaliwa Mwala, upande wa chini, mahali mto ni mchanga miezi tisa kwa mwaka. Mama yangu alikuwa anaondoka na punda kabla ya jogoo, anachimba mchanga wa mto kwa kibuyu mpaka maji yajikusanye, anachota kidogo kidogo, anarudi jua likiwa utosini. Ukimwaga kikombe cha maji kwetu, ulichapwa. Mgeni akija, kabla ya habari, kabla ya kiti, anapewa maji. Ng'ombe akilala chini, anamwagiwa maji kichwani. Mtu akizimia kanisani, maji. Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia Mkamba akilalamika kwamba maji yamezidi. Na bahari sijawahi kuiona. Niliiona kwenye kalenda.

Kwa hivyo nikafanya vile mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikaleta ngazi, goti likalia, nikapanda. Nikawabandua mmoja mmoja, kwa upole, nikawarudisha ndani ya maji. "Kunyweni, watoto," nikawaambia. "Maji yako mengi."

Kesho yake, wako ukutani tena.

Nikawarudisha. Kesho kutwa, ukutani. Nikawarudisha. Nilifanya hivyo kila siku ya Mungu. Jumapili nilikuwa natoka kanisani Mumbuni na suti yangu, napitia chuoni, napanda ngazi. Ann akauliza kama nimepata mwanamke. Nikamwambia niko na sitini, na wote wananikimbia.

Baada ya siku kumi nilichoka kweli kweli. Si uchovu wa kulala uamke, ni ule wa kukaa kwenye mifupa. Nikaketi nikafikiri kama fundi. Wanatokaje? Wanapanda mawe, kutoka kwenye mawe wanashika wavu, kutoka kwenye wavu wanapata ukuta. Dawa ni nini? Toa mawe. Nikatoa mawe yote. Nikajaza maji mpaka karibu na ukingo, maji tele, safi, yenye chumvi sawasawa. Nikaondoa wavu nikaweka kioo juu yake, na juu ya kioo nikaweka hadubini mbovu kuzuia. Nikasimama nyuma nikatazama kazi yangu nikaona ni nzuri.

Wakapanda kioo cha pembeni wakajikusanya pale juu kabisa, kwenye upenyo wa hewa mwembamba kama kidole. Kila asubuhi nilikuwa nawakuta wamebanana hapo. Na kila asubuhi nilikuwa nachukua kijiti nawasukuma chini. Wawili watatu walikuwa bado wanapenya kwenye pembe ya kioo iliyovunjika, wanatoka. Hao wa nje niliacha kuwatafuta. Kabati ni zito, dari ni mbali, na mjusi wa maabara ninamjua, ni mlafi. Nikasema hao wameliwa.

Ni siku hizo ndipo Mwelu aliponiambia.

Mwelu, Mama Lenny, ndiye anayesafisha jengo letu. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mtu yeyote, na ndoo na mopu. Ni mwanamke wa maneno machache, anayatumia kama chumvi. Siku hiyo alisimama nyuma yangu nikisukuma na kijiti.

"Mzee," akasema, "hao unawaua."

"Nini?"

"Nilifanya kazi ya nyumba Likoni miaka sita. Nilikuwa napeleka watoto wa tajiri wangu kucheza kwenye mawe. Hawa nawajua. Hawaishi ndani ya maji. Wanakaa juu, kwenye jiwe kavu, mahali wimbi linawarushia maji kidogo tu, halafu linaenda. Maji yakipanda na wao wanapanda."

Nikamtazama. Kumbukeni nilikuwa nimechoka. Kumbukeni na goti.

"Mama Lenny," nikamwambia, "ni konokono wa wapi?"

"Wa baharini."

"Na baharini kuna nini?"

Akatazama tangi.

"Mimi niko na cheti," nikasema. "Kile pale ukutani, kina fremu. Wewe uko na mopu. Kila mtu ashike chake."

Alichukua ndoo yake akaenda. Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema lolote kuhusu mkuu asiyesikia la mtu wa deki.

Wiki iliyofuata wakaanza kuanguka. Mtu anajua konokono amekufa kwa kamlango kake, kale kagamba kanakofunika tundu la nyumba yake. Akiwa mzima, ukimgusa anakafunga, huwezi kukafungua hata kwa sindano. Akifa, kanalegea, na anatoa harufu. Siku ya kwanza wanne. Siku ya pili sita. Nikabadilisha maji upya. Nikaongeza maji. Nikaweka pampu ya hewa. Nikapima chumvi mara tatu kwa siku. Walizidi kuanguka, na mimi nilizidi kuwahudumia, na sijui ni lini nimewahi kufanya kazi kwa bidii hivyo tangu niajiriwe.

Winrose alikuwa ananipigia simu kila Ijumaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Mzee, wanaendeleaje?"

"Wako salama. Na mtoto?"

"Ameongeza gramu mia."

"Asante Mungu."

Nilikuwa nasema wako salama huku nimeshika kikombe cha wafu mkononi. Ningemwambia nini? Yuko wodini anahesabu pumzi za mtoto. Nilijiambia ni huruma. Labda ilikuwa huruma kidogo. Nyingine ilikuwa woga mtupu, na uvivu wa kuanza mazungumzo marefu.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, mkononi nilikuwa na wafu thelathini na saba. Ndani ya tangi hakukuwa na kitu. Maji masafi, yanang'aa, pampu inatoa mapovu, na hakuna mtu wa kuyapumua. Wengine waliobaki, nilijua, walikuwa tumboni mwa mjusi au wamekaukia nyuma ya kabati. Nikaketi kwenye stuli. Nikalia, sitaki kuficha. Mzee wa miaka hamsini na tisa analilia konokono. Lakini sikuwa nalilia konokono. Nilikuwa namwona Winrose amesimama mbele ya Dakta Kimotho, na yeye haondoi macho kwenye simu.

Winrose alikuwa aje Alhamisi asubuhi, apime siku hiyo hiyo, Ijumaa apeleke matokeo. Siku tatu hizo sikula vizuri. Nilifikiria kusema stima ilipotea. Nilifikiria kukamata konokono wa shambani pale Kathiani kwa shemeji yangu, wale wadogo wa kwenye migomba, niwapake majivu. Ann akaniambia, "Nzioka, sema ukweli, ulale." Nikaamua nitasema ukweli. Nilikuwa nimeupanga kabisa. Ningeanza hivi: Winrose mwanangu, keti kwanza.

Alhamisi nilifika saa moja kasoro. Sikuwasha hata taa. Nikaketi mbele ya tangi tupu na kikombe changu.

Mlango ukafunguliwa kwa mguu. Akaingia Mwelu, amebeba beseni la bluu limefunikwa leso. Akaliweka juu ya meza, mbele yangu, akafunua.

Ndani mlikuwa na mawe. Mawe ya kawaida, kokoto za ujenzi wa hosteli mpya, yamepangwa kama kilima. Chini ya mawe kulikuwa na maji kidogo, ya kufunika kucha. Na juu ya mawe, wamejipanga kwenye nyufa, wametulia, walikuwa wao. Nikamgusa mmoja. Akafunga kamlango. Nikamgusa mwingine. Akafunga.

"Ni ishirini na watatu," Mwelu akasema.

Nikawahesabu mwenyewe.

"Nikifika asubuhi nilikuwa nawakuta ukutani. Wale wa juu dirishani, wale wa nyuma ya kabati. Nikikuachia, unawarudisha. Kwa hivyo nikawa nawachukua kabla hujafika, naweka kwa stoo ya mifagio. Yale maji ya chumvi uliyokuwa unaniambia nimwage, sikuwa namwaga. Asubuhi nawarushia kwa mkono, jioni nawarushia. Hivi." Akatikisa vidole vyake juu ya beseni. "Wanapenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mzee. Ukanionyesha cheti."

Alisema bila hasira hata kidogo. Afadhali angetukana. Nikataka kumshika mkono, nikataka kupiga magoti, lakini goti lenyewe mnalijua. Nikafungua kinywa.

Hapo ndipo tuliposikia viatu kwenye korido, na sauti ya mtoto. Winrose akaingia. Amekonda, macho yamezama, mtoto amefungwa kifuani kama mkate kwenye kitambaa. Akaona tangi kwanza. Tangi tupu. Nikaona uso wake ukiishiwa damu. Halafu akaona beseni.

Alikuja taratibu. Akainama. Akahesabu kwa midomo, bila sauti. Alipofika ishirini akaanza kulia, akaendelea kuhesabu.

"Mzee," akasema. "Uliwatoa kwenye maji. Uliwajengea ufuo. Mimi nilipokuwa wodini nilikumbuka sikuwahi kukuambia kwamba wakizama sana wanakufa. Nilikuwa nalala nikiota wamekufa wote. Sikuthubutu kukuuliza. Kumbe ulijua!"

Na akanikumbatia, na mtoto katikati yetu, na harufu ya maziwa. "Nilijua wewe huwezi kuniangusha. Nilimwambia mume wangu, Mzee Nzioka hawezi."

Juu ya bega lake nilimwona Mwelu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, leso imekunjwa mkononi. Alikuwa ananitazama. Hakuwa ananitisha. Alikuwa anangoja tu, jinsi mtu anavyongoja zamu yake pale dukani.

Ilikuwa ni sentensi moja. Si mimi, ni Mama Lenny. Maneno matano tu. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema.

Dakta Kimotho akaingia nyuma ya Winrose, kwa mara ya kwanza simu iko mfukoni. Akatazama beseni. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Miaka thelathini na moja, huyo mtu hajawahi kunishika mkono. "Mzee," akasema, "hii ndiyo kazi. Hawa vijana wangejifunza kwako."

"Tumejaribu," nikasema.

Ndiyo maneno yaliyonitoka. Tumejaribu. Ndivyo tunavyojibu sisi watu wa huku tukisifiwa, hata kwa chapati. Nilipotazama tena mlangoni, Mwelu alikuwa ameenda. Nilisikia ndoo yake ikilia kwenye ngazi, inashuka.

Nilijiambia nitamweleza Winrose baadaye, akimaliza kupima. Akamaliza kupima, akawa ana haraka, mtoto analia. Nikajiambia Ijumaa. Ijumaa jopo lilimpitisha, watu wakapiga makofi, nani anaharibu siku kama hiyo? Nikajiambia wiki ijayo. Mtu aliyechoka ana wiki ijayo nyingi sana. Uchovu nimeusingizia mambo mengi maishani, na hili nalo nikaliweka juu yake. Mwelu hakusema neno kwa mtu yeyote. Asubuhi alinisalimia, "Mzee, umeamkaje," na mimi nikajibu, "Salama, Mama Lenny," na siku ikaanza.

Mwezi wa kumi na moja, wiki yangu ya mwisho kazini, Winrose alikuja na kitabu chake kimefungwa jalada jeusi, herufi za dhahabu. Alikuja pia na keki na soda, ili tuagane. Wakaja walimu, wakaja wanafunzi. Wakaniketisha kwenye kiti cha Dakta Kimotho. Winrose akafungua ukurasa wa shukrani akasoma kwa sauti. Alimshukuru Mungu, mume wake, wazazi wake Yatta. Halafu akasoma: kwa Mzee Nzioka, ambaye nilipokuwa wodini na mwanangu, aliwaweka hai wale ambao mimi ningewapoteza. Watu wakapiga makofi. Dakta Kimotho akasema nisimame. Nikasimama. Nikasema asante. Nikaketi.

Ningeweza kusema hapo. Ilikuwa ndiyo nafasi ya mwisho na nilijua ni ya mwisho, na keki ilikuwa mdomoni.

Walipoondoka wote, maabara ilikuwa imejaa vikombe, na soda imemwagika chini ya meza, nzi wameanza kuita wenzao. Nilibaki kwenye kile kiti. Mwelu akaingia. Akakusanya vikombe. Akafuta meza. Kitabu kilikuwa wazi pale pale kwenye ukurasa ule, na yeye kusoma anajua, alisoma mpaka darasa la nane Kathiani. Akasimama akasoma. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka mwisho. Halafu akaufuta ukurasa makombo ya keki kwa upande wa mkono wake, akakifunga kitabu, akakiweka mahali pakavu.

"Mama Lenny," nikasema. "Mama Lenny, nilikuwa nataka..."

Alikuwa ameshachovya mopu kwenye ndoo.

"Mzee," akasema, "inua miguu nipige deki."

Nikainua.